Uso Aliouchagua Swaumu

Swaumu alipoambiwa kwamba uso wa mtu unaweza kupigwa randa kama ubao, alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda ya karakana yangu. Nakikumbuka kicheko kile kuliko picha yake yoyote niliyonayo. Picha hazimwonyeshi akicheka. Mbele ya kamera aliinamisha kichwa na kuvuta mtandio mpaka shavuni. Sasa ametangulia, na mama yangu alimtangulia yeye, na tunaoyajua yaliyotokea kwenye benchi la hospitali ile tumebaki wachache mno.

"Wakishanipiga randa," aliuliza akijifuta machozi ya kucheka, "watanipaka na vanishi?"

"Vanishi nitakupaka mwenyewe."

"Thubutu!"

Ulikuwa mwaka wa sabini na mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi Gongoni, hapa Tabora, kwenye karakana aliyoiacha marehemu baba, nikitengeneza vitanda na makabati ya mninga. Swaumu alikuwa akiwafundisha akina mama kusoma na kuandika, jioni, kule mtaa wa Ng'ambo. Tulijuana kwa sababu ya ubao wake wa darasani uliopasuka. Aliuleta begani mwenyewe, akauegemeza mlangoni, na jua la magharibi likampiga ubavuni mwa uso.

Mimi ni fundi. Najua mwanga wa ubavuni unavyotoa kila kilichojificha kwenye ubao. Ndui ilikuwa imempitia Swaumu akiwa na miaka sita, ikamwachia vishimo kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, vimekaribiana kama matone ya kwanza ya mvua yanapoangukia vumbi. Alijua mwanga ule unafanya nini. Akahama, akasimama kivulini. Nami nikahama, nikasimama kivulini.

"Fundi," alisema, "ubao uko kule."

"Najua ulipo."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa makubwa na matulivu, na hayakuniomba kitu. Tangu jioni ile sikupata tena usingizi wa kijana asiye na mtu.

Shida ilikuwa mama. Nilipomweleza kwamba nataka kupeleka posa, alisimamisha mikono yake ndani ya ungo wa mchele.

"Ni binti mwenye adabu," alisema. "Juu ya tabia yake sina neno, wala juu ya ukoo wake. Lakini sitaweza, Mfaume."

"Hutaweza nini, mama?"

"Kuuona uso ule kila asubuhi nikifungua mlango."

Akaendelea kuchambua mchele. Nilimuuliza tena siku nyingine na nyingine, nikapata jibu lile lile. Nilidhani ni majivuno ya watu wa mjini. Kwa hiyo niliposikia kwamba hospitali ya misheni, upande wa Nzega, amekuja daktari mgeni mwenye mashine ya kukwangua makovu, nilikwenda mbio hadi Ng'ambo, sikusubiri hata kuvua aproni.

Mara ya kwanza tuliyokwenda, daktari alimkwangua mahali padogo tu, mbele ya sikio, kama ukubwa wa punje ya kunde. Alisema pale ndipo patakapotuambia ngozi yake itaitikaje. Pakapona. Tukarudi ili Swaumu aamue, maana daktari alikuwa akimalizia kazi yake, na mashine ingeondoka naye.

Asubuhi hiyo alimtazama Swaumu kwa lenzi, polepole, kama anayesoma. Alikuwa mzee wa Kizungu mwenye sauti ndogo. Nesi wake, Sista Leonia, Msukuma mwenye mwili na maneno mengi, ndiye aliyetufasiria.

"Anasema hatakudanganya," alisema Leonia. "Vishimo vitapungua, lakini vile virefu havitakwisha. Na rangi inaweza kurudi kwa mabaka, hapa nyeusi, pale nyeupe kidogo. Siku za mwanzo uso wote utakuwa kidonda. Utatoa maji. Hutatafuna, hutacheka, na huyu kijana asikuchekeshe, maana Wanyamwezi hawa kazi yao ni kuchekesha tu."

"Wasukuma kazi yenu ni kula," nilimjibu, kama ilivyo desturi ya watani.

"Tunakula kwa sababu tunalima. Haya, binti. Daktari anauliza, una mtu wa kukuuguza? Hakulazi mtu wa namna hii asiye na ndugu wa kukaa naye."

Swaumu hakujibu upesi. Mama yake alikwisha kufariki. Alikuwa na shangazi huko Kaliua, lakini naye ana watoto wadogo.

"Mimi nipo," nilisema.

"Wewe ni mwanamume," alisema Leonia, "na hujaoa hata. Wodi ya wanawake utaisikia kwa jirani. Nendeni mkakae nje, mfikiri. Daktari atamaliza wagonjwa wengine kwanza."

Tukakaa kwenye benchi la barazani. Akina mama waliokuja kliniki na watoto walikuwa wametandika kanga zao sakafuni. Swaumu akasema bila kunitazama:

"Lete mkono."

Akakishika kidole changu cha shahada, chenye alama za patasi, akakipitisha chini ya mtandio hadi mbele ya sikio lake. Hatukuwa tumewahi kugusana zaidi ya kupokezana kikombe. Kidole kilipita juu ya vishimo, kimoja baada ya kingine, kisha ghafla kikafika mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nimepiga msasa mbao tangu utotoni. Sijapata kugusa kitu laini kama kile. Nilikirudisha kidole kama mtu aliyeungua.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hapo ndipo nilipo mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Kabla ya ndui. Mfaume, mimi siijui sura yangu. Siku nilipoanza kujitazama kwenye kioo, tayari ilikuwa hivi. Pale padogo ndipo mahali pa kwanza nilipojigusa."

Nilimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyuma ya ukuta wa chumba anachokaa kuna chumba kingine, nacho kina mtu.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliponyanyuka sakafuni na kuja kusimama mbele yetu, mtoto mchanga mkononi. Alikunja magoti kidogo.

"Mwangaluka, mayu," alisema, salamu ya asubuhi ya watu wa huko kwa mama wanayemheshimu.

"Mwangaluka," aliitikia Swaumu.

"Ni wewe." Uso wa mwanamke ulifunguka. "Mimi Eustadia, wa Lusu. Ni wewe kabisa! Sogeza shavu."

"Hapana, dada. Mambo yale yalikwisha."

"Sogeza, mayu, usininyime. Wakubwa zake wote walipata."

Na kabla sijaelewa, Eustadia alimwinamisha mtoto na kulibandika shavu lake kwenye shavu la Swaumu. Akalishika pale kwa utulivu, akiwa amefumba macho. Swaumu naye akafumba yake. Barazani akina mama wengine walianza kusimama mmoja mmoja.

Sista Leonia akatokea mlangoni. "Eustadia! Tumesema mara ngapi? Dawa iko kwenye sindano!"

"Sindano amepigwa jana, Sista. Hii ni ya juu yake."

Leonia akapiga viganja vyake kwa mshangao, akarudi ndani akicheka. Mimi sikucheka. Nilimgeukia Swaumu, naye akajifunika mtandio upya.

"Wanasema nini hawa?"

"Ni mambo ya sitini na nane," alisema. "Niliwahi kufuatana na watu wa chanjo. Puge, Lusu, vijiji vyote vya huko. Watu walikuwa wakikimbilia porini wakiona gari. Bwana afya akaniomba nisimame mbele nivue mtandio, waone mtu aliyeiona ndui na akarudi. Basi, mama mmoja akamshika mtoto wake akamgusisha hapa kabla ya sindano. Wengine wakafuata. Ikawa wanasema kinga iko shavuni kwangu, sindano ni ya kumridhisha bwana afya."

"Na wewe ukawaacha?"

"Nilikataa. Wakagoma kuchanjwa. Ikabidi tukubaliane, shavu kwanza, kisha sindano mbele ya macho yangu." Alitabasamu kidogo. "Jioni shavu lilikuwa likiwaka moto kwa kuguswa."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba niliwahi kuwa hirizi?"

Nilikuwa nimempenda kwa mwaka mzima, nikidhani namjua. Sasa nilimwona amesimama juani katika vijiji ambavyo mimi sijafika, kichwa wazi, watu wakitoka porini mmoja mmoja kwa sababu ya uso wake. Nilihisi udogo, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada na viatu.

"Usifanye, Swaumu," nilisema.

"Nisifanye nini?"

"Usikubali mashine. Umeona mwenyewe. Uso huu hauwezi kuondolewa hivi hivi."

Aligeuka akanitazama, na utulivu wa macho yake ulikuwa umeondoka.

"Si wewe uliyekuja mbio na aproni, ukiniambia habari za randa?"

"Sikujua."

"Sasa umejua nini? Kwamba nafaa kuguswa? Wao wananigusa kisha wanarudi kwao Lusu. Anayebaki na uso huu mbele ya kioo ni mimi."

"Nilitaka kusema..."

"Jana ulitaka uso huu uondoke ili mama yako aridhike. Leo unataka ubaki kwa sababu umeustaajabia. Lini utaniuliza mimi?"

Nikafumbua mdomo kumuuliza. Lakini macho yake yalikuwa yameshanipita, yakitazama getini, nami nikageuka.

Mama yangu alikuwa akishuka kutoka kwenye lori la tumbaku. Vumbi lilikuwa limemgeuza rangi. Kichwani alikuwa na kikapu, kwapani mkeka, na mkononi chupa ya chai iliyofungwa kwa kitambaa. Mama hakuwa mtu wa kusafiri. Sijui kama alikuwa amewahi kupita mwisho wa mji tangu nizaliwe. Alikuja moja kwa moja, akatua kikapu chini.

"Shikamoo, mama," alisema Swaumu akisimama.

"Marahaba. Nani anakuuguza?"

Tulitazamana.

"Hakuna, mama," nilisema. "Ndilo tulilokuwa..."

"Nilijua." Akaanza kutoa vitu kikapuni, shuka mbili, kanga, unga wa uji, kijiko. "Mimi ndiye niliyesema neno. Siwezi kusema neno likampeleka mtoto wa watu kitandani, halafu nikae Gongoni napepeta mchele."

Eustadia alikuwa angali pale. Alimwamkia mama kwa heshima, kisha akamwambia kwa furaha, kama anayempasha habari njema mtu wa familia, "Mama, mna bahati nyumbani kwenu. Wanangu wako hai kwa shavu hili."

Mama alimtazama, akamtazama na mtoto, na hatimaye akamtazama Swaumu. Alimtazama kweli, bila kukwepesha macho, nadhani kwa mara ya kwanza. Akakaa kwenye benchi kwa uzito, na shuka ikabaki mikononi mwake.

"Mfaume, ulikuwa na dada," alisema. "Batuli. Wewe ulikuwa ungali mgongoni."

Nilijua nilikuwa na dada aliyekufa mdogo. Nyumbani kwetu jina lake halikutajwa.

"Walimpeleka karantini, nje ya mji. Boma la miiba. Walioruhusiwa kuingia ni wale tu ambao ndui iliwahi kuwapata. Mimi haikunipata, basi nilisimama nje. Nilimwona kwa mbali amelala, uso wote umevimba, malengelenge matupu. Alikuwa akiniita. Wakamwosha watu wengine, wakamzika watu wengine." Alimwinulia Swaumu uso. "Sikukuchukia, binti. Kila nikikuona, ninamwona yeye alivyolala. Nilifikiri, uso ukiwa safi, nitaweza."

Barazani mtoto wa mtu alilia, akabembelezwa. Swaumu alipiga magoti mbele ya mama, akauvua mtandio kabisa. Jua lilikuwa limeshaingia barazani, na lilimpiga ubavuni, na safari hii hakuhama.

"Mama," alisema polepole, "Batuli hakuwa na uso huu."

"Nilimwona kwa macho yangu."

"Uliona malengelenge. Malengelenge ni ugonjwa. Vishimo hivi hakuwahi kuwa navyo. Hivi huja baadaye, kwa mtu aliyepona tu."

Niliona maneno yale yakimwingia mama, yakishuka ndani yake taratibu. Akauinua mkono, ukasimama hewani. Kisha akaushusha kwenye shavu la Swaumu, akampapasa uso kwa viganja vyote viwili, kwenye paji, kwenye pua, kwenye kidevu, kama kipofu.

"Kumbe angekuwa hivi," alisema. "Angepona, angekuwa hivi."

Machozi yalimtoka bila sauti. Nilitaka kugeuka nisitazame, nikashindwa. Nilimwona mtoto wa kike wa mama yangu, dada niliyemkosa, akikua mbele yangu kwa dakika ile hadi akawa mtu mzima. Eustadia naye alikuwa analia, bila kujua kisa chote.

"Twende nyumbani," alisema mama hatimaye, akikunja shuka. "Usiguswe na mashine yoyote. Harusi itakuwa baada ya mfungo. Nimekwisha sema."

Nilidhani hapo ndipo furaha yetu ilipofika. Lakini Swaumu alibaki amepiga magoti.

"Mama, nisamehe. Mlitaka niutoe uso huu, kila mtu kwa sababu yake. Sasa mnataka nibaki nao, tena kila mtu kwa sababu yake. Mimi nataka kukwanguliwa."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Nataka kuiona sura yangu kadiri itakavyoonekana, iwe na mabaka, iwe na nini. Nimeitaka siku zote, hata kabla ya Mfaume. Kitu kimoja tu ndicho kinachonirudisha nyuma. Nilipougua sikumbuki maumivu. Ninachokumbuka ni kwamba hakuna aliyenigusa. Uji nilipewa kwa upawa mrefu, kutoka mlangoni. Naogopa kulala tena uso ukiwa kidonda, na mtu yuko mlangoni."

Basi hilo ndilo lililokuwa likimnyamazisha tangu asubuhi, nami nilikuwa nimekaa ubavuni mwake nisijue. Nilimuuliza, kwa kuchelewa:

"Swaumu, unataka?"

"Nataka."

"Basi fanya."

Mama alikuwa ameshasimama. Alijipangusa vumbi, akajifunga kanga ya pili kiunoni, kama wanawake wafanyavyo wanapoingia kwenye shughuli.

"Huyo nesi yuko wapi?" aliuliza. "Mwiteni aje anionyeshe kitanda chetu."

Eustadia alimshika Swaumu mkono. "Na shavu letu, mayu? Tutafanyaje?"

"Sindano mnayo," alisema Swaumu, akamkumbatia. "Ilikuwa yenyewe tangu mwanzo."

"Sawa," alisema Eustadia, akifikiri. "Lakini huyu wangu amewahi."

Swaumu alicheka, akaingia ndani. Alipofika mlangoni aligeuka kunitazama, uso wake wote wazi, na nikautazama kwa nguvu zangu zote, maana nilijua sitauona tena. Nilikuwa nikiuaga uso niliouchumbia. Nilitaka kumwambia kwamba nitaupenda na huo unaokuja, lakini nesi alishafunga mlango.

Injini ya umeme ilianza kunguruma nyuma ya jengo. Kisha, kutoka ndani, tukasikia sauti nyembamba ya mashine, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Mama alisimama pembeni yangu, midomo ikisoma dua, mkono wake umeshika wangu kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Ngozi mpya ilikuja baadaye, na mabaka yake, kama daktari alivyoonya. Vishimo virefu vilibaki. Swaumu alikaa na kioo siku nzima, na jioni aliniambia kwamba amefanana na mama yake mzazi. Tulioana. Tuliishi. Lakini hayo yana mahali pake. Ninayotaka yasipotee ni ya alasiri ile.

Walimtoa akiwa amefungwa bendeji uso wote, yakionekana macho na mdomo tu. Tayari maji maji yalikuwa yakipenya kwenye kitambaa. Mimi niliruhusiwa kusimama nje ya dirisha la wodi. Nilimwona mama akikaribia kitanda, na nilimwona akisita. Kile alichokikimbia miaka yote kilikuwa kimelala mbele yake, uso uliovimba, ukitoa maji, na sauti ndogo ikisema "Mama" kwa kuwa mdomo haukuweza neno refu zaidi.

Akapanda kitandani. Hakukaa kwenye kiti. Alipanda, akakaa, akakiinua kichwa cha Swaumu na kukilaza pajani mwake, akaanza kumfuta maji yale kwa ncha ya kanga yake mpya, tone baada ya tone.

Mlinzi wa wodi, mzee Damas, alipita akigonga kengele. "Waliokuja kutazama wagonjwa, muda umekwisha! Tokeni nje, tokeni." Akafika kwenye kitanda kile. "Na wewe, mama. Nje."

Mama hakuinua kichwa.

"Mimi sikuja kutazama," alisema. "Nauguza."